Moshi wa Dizeli na Njia ya Bugarama

Tarehe mosi Januari mwaka 2015 ilipita mjini Bujumbura kama sikukuu yoyote ya mwaka mpya. Hata hivyo siku hiyo lilianza jambo ambalo lilistahili kuangaliwa zaidi kuliko lilivyoangaliwa. Nchi tano zilizokuwa wakati huo wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani Burundi, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda, zilianza kufuata kipimo kimoja cha mafuta ya dizeli: salfa iliyomo isizidi sehemu 50 katika kila sehemu milioni moja. Kabla ya hapo sehemu 500 zilikuwa zikikubaliwa katika sehemu kubwa ya eneo hili, na miaka michache nyuma yake hesabu ilikuwa ya maelfu.

Tarakimu za namna hiyo zaweza kudhaniwa kuwa ni mambo ya wakemia na maabara zao. Sivyo. Zinamhusu dereva wa lori la jeshi, polisi anayesimama kando ya barabara tangu asubuhi hadi jioni, na fundi wa Buyenzi anayefungua nozeli kwa mikono mitupu huku injini ya gari la pili ikinguruma mgongoni mwake. Na ili ifahamike kwa nini moshi mweusi ungali ukionekana katika barabara za Bujumbura hata baada ya kipimo hicho kukubaliwa, yafaa kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, alifanikiwa kuiendesha injini yake mjini Augsburg mwaka 1897. Sifa ya injini hiyo haikuwa usafi wala wepesi, bali ubahili wake. Kiasi cha robo ya joto la mafuta yake kiligeuka kuwa kazi, wakati injini za mvuke za zama zile zilipoteza karibu joto lote hewani. Siri yake ilikuwa hii: hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka ikawa moto sana, kisha mafuta hurushwa ndani na kuwaka yenyewe pasipo cheche. Lakini matone ya mafuta yanayorushwa kwa ghafula hayapati wote nafasi sawa ya kukutana na hewa. Yale yaliyokosa hewa ya kutosha huungua nusu na kuwa masizi. Na lile joto kali linaloipa injini nguvu huunganisha naitrojeni na oksijeni za hewa na kufanya gesi nyingine yenye kudhuru mapafu. Kwa hiyo moshi wa dizeli si kasoro iliyoingia baadaye. Ulizaliwa pamoja na injini yenyewe.

Diesel alitoweka melini usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 akiwa safarini kwenda Uingereza. Mwaka huohuo, katika mji wa Papenburg, kiwanda cha Meyer kilikuwa kimejenga meli iliyokusudiwa Ziwa Tanganyika. Meli hiyo ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya masanduku, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ambako iliunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 walipokuwa wakirudi nyuma, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari upya kwa jina la Liemba. Wazee wa bandari ya Bujumbura, iliyoitwa Usumbura hadi wakati wa uhuru wa mwaka 1962, waliizoea tangu ilipokuwa ikienda kwa mvuke. Katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziliondolewa na mahali pake zikawekwa za dizeli. Ndivyo ilivyokuwa duniani kote: mvuke ulitoka, dizeli ikaingia, na hakuna aliyeuliza habari za moshi, kwa sababu moshi wa makaa na kuni ulikuwa mzito zaidi machoni.

Majeshi ndiyo yaliyokuwa miongoni mwa wa kwanza kuitambua thamani ya injini hiyo. Dizeli haishiki moto upesi kama petroli, na kwa askari aliyemo ndani ya gari linalopigwa risasi tofauti hiyo ni ya kufa na kupona. Kifaru cha Kirusi T-34, kilichopigana vita kuu ya pili, kilikwenda kwa dizeli. Kisha bei ya mafuta ilipopanda karibu mara nne kati ya mwezi Oktoba 1973 na Januari 1974, hata wenye malori wa kiraia waliokuwa bado na petroli walijifunza hesabu ya ubahili. Kwa nchi isiyo na bahari hesabu hiyo ilikuwa nzito zaidi. Kila lita ya mazutu inayouzwa Bujumbura, iwe imepitia Dar es Salaam au imepitia Mombasa, Uganda na Rwanda, imekwisha kusafiri zaidi ya kilomita 1,000, na sehemu kubwa ya safari hiyo imebebwa na lori linalochoma mazutu vilevile.

Umbali huo ndio unaoeleza pia kwa nini Burundi peke yake isingeweza kuyasafisha mafuta yake. Bujumbura ingeweza kutunga sheria yoyote iliyoipenda, lakini salfa hutolewa katika mtambo wa kusafishia mafuta, na mtambo huo haukuwa Bujumbura. Ulikuwa Mombasa, ambako ulijengwa katika miaka ya 1960, na mwingine, wa TIPER, ulikuwa Dar es Salaam tangu mwaka 1966. Mitambo hiyo ilikuwa fahari ya mataifa machanga, na ilikuwa haki yao kujivunia. Ila ilikuwa mitambo ya namna rahisi, isiyokuwa na vyombo vya kuiondoa salfa kwa kiasi kinachotakiwa leo. Mafuta ghafi yenye salfa yakiingia, dizeli yenye salfa hutoka.

Hapa historia ina kejeli yake. Mtambo wa Dar es Salaam uliacha kusafisha mafuta mapema, na ule wa Mombasa ukasimama mwaka 2013. Wengi waliona huzuni, na si bure, maana kazi zilipotea na nchi zikabaki zikinunua mafuta yaliyokwisha kusafishwa ng'ambo. Lakini baada ya hapo hapakuwa tena na mtambo wa nyumbani wa kulindwa, na wauzaji wa nje walikuwa na uwezo wa kutoa dizeli safi kwa vile nchi zao wenyewe, au wateja wao wa Ulaya, walikwisha kuidai. Muda usiozidi miaka miwili baadaye kipimo cha sehemu 50 kilianza kufanya kazi. Kazi ya ushawishi ilikuwa imefanywa kwa miaka mingi na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu Nairobi, pamoja na ushirika wa mafuta safi ulioundwa katika mkutano wa dunia wa Johannesburg mwaka 2002. Ushirika huo ulianza na risasi iliyokuwa ikitiwa katika petroli. Azimio la Dakar la mwezi Juni 2001 lilikuwa limekwisha kuweka nia, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha kuuza petroli ya risasi. Salfa ilifuata.

Afrika ya Magharibi ilichelewa. Mwezi Septemba 2016 shirika la Public Eye la Uswisi lilitoa taarifa iliyoonyesha kwamba makampuni ya biashara ya mafuta yenye makao Uswisi yalikuwa yakiuza huko dizeli yenye salfa mara mia kadhaa kupita kiwango kinachoruhusiwa Ulaya, ambacho ni sehemu 10. Makampuni hayo hayakuwa yakivunja sheria ya nchi zile, kwa kuwa sheria zenyewe ziliruhusu. Ghana ilikishusha kipimo chake hadi sehemu 50 mwaka 2017. Afrika ya Mashariki ilikuwa imekwisha kuufunga mlango huo miaka miwili mbele, na sifa hiyo inafaa kutajwa kwa sababu hutajwa kwa nadra.

Je, salfa ina ubaya gani hasa? Ikiungua hugeuka gesi kali, na sehemu yake huwa chembechembe nyembamba zinazoongeza uzito wa masizi. Ndani ya injini huzaa tindikali inayokula kuta za silinda na kuharibu mapema mafuta ya kulainishia; jambo hili mkuu wa karakana ya jeshi anaweza kulipima kwa madebe ya oili anayoyaagiza kila mwaka. Lakini dhara lake kubwa ni la tatu. Salfa huviua vyombo vya kusafishia moshi. Chujio la masizi linalofungwa katika bomba la gari la kisasa haliwezi kudumu palipo na salfa nyingi. Kwa sababu hiyo kipimo cha mwaka 2015 hakikuwa mwisho wa safari. Kilikuwa ruhusa tu ya kuianza.

Kuhusu afya ya binadamu, sayansi ilisita muda mrefu. Mwaka 1988 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliyoko Lyon nchini Ufaransa, ilisema kwamba moshi wa dizeli huenda unaleta saratani. Miaka 24 ilipita. Tarehe 12 Juni 2012 taasisi hiyo iliondoa neno "huenda": moshi wa dizeli ukaandikwa katika daraja la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuwa huleta saratani ya mapafu. Miongoni mwa ushahidi uliowafikisha wataalamu hapo ulikuwa uchunguzi wa wafanyakazi 12,315 wa migodi ya Marekani, uliotangazwa mapema mwaka huohuo. Wale waliofanya kazi chini ya ardhi na kuvuta moshi mwingi zaidi wa mashine za dizeli walionekana kufa kwa saratani ya mapafu kwa kiwango cha karibu mara tatu kuliko wale waliovuta kidogo.

Wachimba migodi walichaguliwa kwa uchunguzi kwa sababu moshi wao hauna pa kutokea. Lakini wako watu wengine ambao kazi yao huwaweka karibu na bomba la moshi kila siku. Askari anayekaa nyuma ya lori lililofunikwa turubai katika msafara huvuta moshi wa lori lililomtangulia na mara nyingi wa lori lake mwenyewe, kwa kuwa hewa inayozunguka nyuma ya gari huurudisha moshi ndani. Aliyewahi kutumikia Somalia, ambako majeshi ya Burundi yalikwenda tangu mwezi Desemba 2007, hajasahau jenereta zinazonguruma usiku na mchana kambini. Na palipo na nafasi finyu, hema hupigwa pale lilipopata kupigwa, hata kama ni upande unaopokea moshi. Polisi wa barabarani naye husimama mahali ambapo magari yanasimama na kuondoka, na ni wakati wa kuondoka ndipo injini inapotema masizi mengi zaidi.

Mahali ambapo jambo hili huonekana wazi kuliko kwingine kote ni barabara kuu ya kwanza ya taifa, itokayo Bujumbura kwenda Kayanza na mpaka wa Rwanda. Mji uko kando ya ziwa, katika uwanda wa Imbo, kiasi cha meta 780 juu ya usawa wa bahari. Bugarama, umbali usiofika kilomita 40, iko juu ya meta 2,000. Lori lililosheheni hupanda tofauti hiyo kwa gea ndogo, kona baada ya kona. Kadiri linavyopanda, hewa hupungua; huko juu uzito wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Pampu ya injini kuukuu haijui habari hiyo. Huendelea kurusha mafuta kama ilivyozoea chini, hewa ya kuyachoma haipo, na tofauti yake hutoka bombani ikiwa nyeusi.

Na nyuma ya lori hilo wanakuwapo vijana wa baiskeli. Hao huteremka mjini na mikungu ya ndizi kwa mwendo wa kutisha, na warudipo hudandia malori ili wavutwe hadi juu, mkono mmoja umeshika chuma na mwingine usukani. Hatari ya kuanguka huonwa na kila mtu, na polisi wameikemea mara nyingi. Hatari ya pili, ya kupanda mlima mzima mdomo ukiwa karibu na bomba la moshi, haionwi na mtu, hata na vijana wenyewe.

Sababu ya moshi huo kutokwisha kwa sheria ya mwaka 2015 basi ni dhahiri. Sheria ilisafisha mafuta; haikuzisafisha injini. Magari mengi ya eneo hili huja yakiwa yamekwisha kutumika Ulaya na Asia. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, aliwatokea waandishi wa habari akiwa na chupa ya plastiki iliyojaa masizi ya dizeli, akaitikisa mbele yao. Kuanzia tarehe mosi Oktoba 2003 malori ya dizeli yasiyotimiza kipimo cha masizi yalikatazwa kuingia mji ule. Lilikuwa tendo jema kwa wakazi wa Tokyo. Lakini lori lililokataliwa mjini halikuyeyuka. Likiwa zima huuzwa mahali linapokubaliwa. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliyouzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya mwaka 2015 na 2018, Afrika ikiongoza kwa kuyapokea. Wakaguzi wa Uholanzi, walioyachungua yaliyokuwa yakisubiri meli ya kuja Afrika, walikuta mengine yameng'olewa vyombo vya kusafishia moshi, kwa kuwa vina madini ya thamani ndani yake.

Jambo jingine ni njia ambayo mafuta yanapitia. Burundi imepata vipindi vya uhaba: wakati wa vikwazo vya nchi jirani vilivyoanza mwaka 1996 na kusimamishwa mwaka 1999, na tena katika miaka ya karibuni, foleni zilipokuwa ndefu vituoni na pampu zikakauka. Katika vipindi hivyo mafuta huingia kwa vidumu, kwa baiskeli na kwa mitumbwi ya ziwani. Kidumu hakina cheti. Mtu hawezi kuijua salfa kwa kuitazama wala kwa kuinusa, na muuzaji wa magendo hana sababu ya kutochanganya mafuta ya taa ndani ya mazutu ikiwa bei inamruhusu. Kenya ilijua ubaya huo hata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili mchanganyiko usiwe na faida. Askari wa forodha anayekamata vidumu mpakani kwa ajili ya kodi ya serikali analinda pia pampu za magari na mapafu ya watu, ingawa hakuna aliyemwambia hivyo.

Isidhaniwe kwamba udanganyifu ni wa nchi maskini tu. Mwezi Septemba 2015 ilifichuka nchini Marekani kwamba kampuni ya Volkswagen iliweka katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua wakati gari linapopimwa. Likiwa katika mtambo wa ukaguzi lilitoa hewa safi. Likiwa barabarani lilitoa gesi za naitrojeni hata mara 40 kupita kiwango. Magari milioni 11 duniani yalihusika. Wakaguzi walikuwa na vyombo vya ghali na sheria kali, na bado walipitwa, mpaka wachunguzi walipofunga mashine ndani ya gari na kulifuata njiani.

Pale Bugarama hakuna mashine hiyo, lakini jicho la polisi aliyefundishwa si kitu kidogo. Moshi mweusi maana yake ni mafuta mengi au hewa haba: chujio la hewa limeziba kwa vumbi, nozeli zinavuja badala ya kunyunyiza, mzigo umezidi, au skrubu ya pampu imekazwa makusudi ili gari lipate nguvu ya kupanda. Hila hii ya mwisho inajulikana sana, na hununuliwa kwa bei ndogo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Injini imechakaa na yataka kufunguliwa. Mweupe, baada ya injini kupata moto, ni mafuta yasiyoungua au maji yaliyoingia ndani. Katika makosa hayo mengi ni machache yanayohitaji kipuri cha ghali. Chujio la hewa husafishwa au hubadilishwa, nozeli hupimwa, na mafundi wa Buyenzi wana ujuzi wa kutosha kuirudisha pampu mahali pake iwapo mwenye lori ataambiwa afanye hivyo na akaona kwamba hataruhusiwa kupita bila ya kufanya hivyo.

Ugumu uko kwa yule atakayeambia. Polisi anayelisimamisha lori la mfanyabiashara kwa sababu ya moshi, huku gari lake mwenyewe limeegeshwa pembeni likitoa moshi uleule, hana neno la kumjibu dereva atakayelinyoshea kidole. Karakana za majeshi zina mafundi, zina nidhamu ya kuandika kila gari limefunguliwa lini na kwa sababu gani, na zina magari yanayorudi kituoni kila jioni, jambo ambalo mwenye lori moja wa Kayanza hana. Kama kuna mahali ambapo kuchunguza nozeli kwa kilomita maalumu, badala ya kungoja injini ife, kungeweza kuanza bila sheria mpya na bila fedha ya kigeni, ni huko.

Mwaka 2025 jiwe la msingi la reli ya umeme itakayotoka Uvinza nchini Tanzania hadi Musongati liliwekwa, na siku itakapokamilika baadhi ya shehena inayokuja leo kwa malori itakuja bila moshi. Reli hiyo haitapita Bugarama. Malori ya barabara ya Kayanza yataendelea kupanda kwa gea ndogo, na vijana wenye baiskeli wataendelea kuyangoja chini ya mlima.